Kipande Chetu cha Mfongo

Sista Anselma,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini nikianza bila shikamoo nitaisikia sauti yako: "Wewe Mlutheri, kwenu Mwika hawana salamu?" Tangu niolewe na kupokelewa katika kanisa la mume wangu imepita miaka mingi, na bado uliniita Mlutheri mpaka kitandani hospitalini. Ulisema nikiimba tu unajua nimetoka wapi. Basi shikamoo, Sista. Huku hatujambo, kwa kiasi chetu.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha ofisini, kile chenye mguu uliofungwa waya. Mhasibu alitaka tununue kingine. Nikamwambia kiti kina mwenyewe. Akatazama dirishani, upande wa makaburi ya masista, akafunga faili lake akaondoka. Migomba uliyoipanda kule imebeba. Mkungu mmoja umeinama mpaka tumeuwekea nguzo, na kila nikipita nasema ungekuwepo ungeshaukata uwapelekee wapishi, wawapikie wasichana kiburu cha ndizi na maharage siku ya Jumamosi.

Tulikuzika wiki ile ya baada ya Pasaka, mvua ikinyesha na matope yakitunasa viatu. Watu walikuwa wengi. Wanawake watu wazima, wengine na wajukuu mgongoni, walilia kama kidato cha kwanza siku ya kuachwa na wazazi. Mimi sikulia siku ile. Nilikuwa makamu wako, nilikuwa na turubai la kutafuta na sahani za kuhesabu. Nililia baadaye, jikoni, nilipoonja mtori wa ndizi nikakuta umezidi chumvi. Wewe ulikuwa unauonja kila siku. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuonja mtori ni kazi ya mkuu wa shule, mpaka ulipokosekana.

Unakumbuka majani makavu ya migomba? Tulipokuwa wanafunzi wako, tulikuwa tunayatandaza kwenye njia ya kutoka ofisini kwenda bwenini, kwa sababu ulivaa raba na ulitembea kama paka. Ukiyakanyaga yanalia, sisi tunaficha vitu vyetu: redio, mahindi ya kuchoma, barua za wavulana. Tulijiona wajanja kweli. Niliporudi kufundisha, siku moja tukinywa chai ukaniambia, "Mlidhani siyaoni yale majani? Nilikuwa nayakanyaga makusudi. Dhambi ndogo mwenyewe apewe nafasi ya kuzificha, ili mimi nibaki na nguvu za zile kubwa." Nilipaliwa na chai. Ukacheka mpaka ukavua miwani.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana uliondoka ukiwa na wasiwasi na shule, na hukuusema. Nilikuona tu ukiangalia ule msumari mtupu wa ukumbini.

Ukuta wa ukumbi, wenye picha za wakuu wa shule, uko vilevile. Wa kwanza kabisa ni yule sista Mzungu mwenye miwani ya duara, aliyeanza na wasichana wachache ndani ya ghala la kahawa, wakati wazazi wetu wa zamani wakiuliza msichana anayesoma atamkatia ng'ombe majani saa ngapi. Kisha yule aliyejenga mabweni kwa mawe ambayo akina mama waliyabeba kichwani kutoka mtoni. Kisha yule mkali, ambaye hata kuku walinyamaza akipita. Halafu wewe, sura ya kwanza nyeusi pale ukutani, mtoto wa Rombo. Ulitusimulia jinsi mama yako alivyokuja kuiona picha hiyo, akaitazama sana, akasema, "Mbona hucheki? Watadhani hatukukulisha." Baada ya picha yako kuna msumari mtupu. Ulimwambia fundi aupigilie mwenyewe, ukasema una mwenyewe, ila bado hajajulikana. Sote tulidhani mwenyewe atakuwa na shela kichwani.

Baada ya matanga Mama Mkuu wa shirika alikuja akatuambia ukweli. Hana sista wa kutuletea. Wenye shahada ni wachache, na hao wameshikwa na hospitali na vyuo. Wasichana wanaoingia utawani siku hizi si kama zamani. Alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa mekundu. Kamati ya shule ikakaa. Wakaamua nishike mimi kama kaimu mpaka mwisho wa mwaka, "tuone." Hilo neno tuone lilinikaa kooni kama mfupa. Mjumbe mmoja, mzee mwema tu, akafafanua: "Ndani ya shule ataweza, hilo sina shaka. Wasiwasi wangu ni mambo ya nje. Masista walisikilizwa na kijiji. Huyu ni mke wa mtu." Akapendekeza Mwalimu Shirima awekwe tayari, iwapo nitashindwa. Shirima mwenyewe akainamisha kichwa. Yule anapenda fizikia yake na ng'ombe wake wawili, na hataki kingine duniani.

Hakuna aliyeuliza mambo ya nje ni yapi. Wote tulijua ni mfongo.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba bila ule mfereji hakuna shule. Bomba likikauka kiangazi, ni mfongo ndio unaojaza nduwa yetu, lile bwawa la kuhifadhia maji, tukafulia, tukamwagilia mboga, ng'ombe wakanywa. Na sheria yake haina huruma: mvua za masika zikiisha, kila mwenye zamu ya maji asafishe kipande chake. Hujaja, huna maji. Asiyekuwepo na lake halipo. Wala mtu hagusi kipande cha mwenzake, hata kama ni cha ndugu yake, maana kukichimba ni kumwambia hadharani kwamba ameshindwa. Na siku hiyo ya kusafisha, mwanamke haingii mfongoni. Ndivyo miko ya mababu ilivyosema.

Nilikuwa kidato cha pili ulipoingia wewe. Ulikuwa mgeni kwenye kiti, na shule ilikuwa imenyang'anywa zamu kwa sababu wafanyakazi waliotumwa na mkuu aliyepita walilala kivulini. Tulikuwa tunaoga kwa kikombe. Asubuhi ile ulivaa gambuti, ukafunga kanzu yako kwa kamba kiunoni, ukachukua jembe, ukatuchagua wasichana wawili watatu tukusindikize mpaka kwenye ukingo tu. Bibi yangu alikuwa ameniambia mwanamke akikanyaga mfongo siku ile, maji yanakasirika yanarudi msituni. Wewe ukasema, "Kwetu Rombo maji yalikasirika zamani, na hayakusubiri mwanamke."

Wanaume walisimama na majembe yao. Mzee Kileo, ambaye ndio kwanza alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa mfongo na ndevu zake bado nyeusi, akawaita wenzake pembeni wakashauriana kwa Kichagga. Mwishowe akarudi na uamuzi: "Sista si mke wa mtu, wala si mama wa mtu. Hayumo katika miko. Ataingia." Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa utoto. Wewe hukucheka. Uliwashukuru kwa Kichagga, "Aika," ukashuka, ukachimba mpaka kanzu ikawa rangi ya udongo. Jioni nilikuuliza kwa nini hukuwajibu. Ukanijibu, "Maji kwanza, maneno baadaye." Ukaenda kuoga, na ndiyo mara ya kwanza tulikuona ukichelewa bafuni, ukatoka macho yamevimba.

Tangu hapo kipande kile kikaitwa Kipande cha Sista, na kila mwaka ukashuka, hata miguu ilipoanza kuvimba. Hata mwaka jana ulishuka. Nilikukataza ukaniambia nikafundishe.

Sasa ukafika mwezi wa sita bila wewe. Mzee Kileo, ambaye bado ni mwenyekiti kwa kuwa hakuna kijana anayeitaka kazi hiyo, alituma ujumbe wa adabu: shule imtume Mwalimu Shirima. Baba Neema, mume wangu, alikuwa anajiandaa kupanda mlima na wageni. Akaniambia, "Nikishuka mapema naenda mimi kwa niaba yako, yaishe." Ni mtu mzuri, Sista, unamjua. Lakini nilifikiri: nikimtuma Shirima, shule itakuwa ya Shirima. Nikimtuma mume wangu, itakuwa ya mume wangu. Kamati itasema, tuliona. Na nisipomtuma mtu, mabinti wataoga kwa kikombe. Sikuwa na usingizi wala hamu ya kula. Nikakukasirikia. Ndiyo, wewe. Uliwezaje kuondoka kabla hujaniambia la kufanya?

Kilichoniamsha ni majani. Asubuhi ya siku ya kusafisha mfongo nilitoka ofisini kwenda bwenini, nikasikia kraa, kraa chini ya viatu vyangu. Majani makavu ya migomba, yametandazwa njia nzima, na huko mbele kishindo cha wasichana wakificha vitu. Tangu ufe hawakuwa wameyaweka, maana hawakuwa na wa kumhofia. Nilisimama pale nikacheka huku machozi yananitoka, kisha nikayakanyaga yote, moja moja, polepole, niwape nafasi. Halafu nikaenda stoo nikachukua gambuti zako. Mguu wako ulikuwa mkubwa, Mungu anisamehe. Nilivaa soksi juu ya soksi na bado zilinipwaya.

Wanaume wenyewe si wale wa zamani. Vijana wako Dar, wako Holili kwenye biashara, wako mlimani na mizigo ya wageni. Waliokuwepo wengi ni mvi na vikohozi. Mzee Kileo alisimama na fimbo yake akiita vipande, na kila mwenye chake anaitika nipo. Akafika kwetu. "Kipande cha Sista!"

Sikuwa nimejiandaa kulisikia jina lako likiitwa vile, kama vile uko nyuma ya kichaka unafunga kamba. Nikajikaza nikasema, "Nipo."

Akanitazama. "Mwalimu, umekuja kutuangalia?"

"Shikamoo, Meku, mzee wangu. Nimekuja kuchimba."

Wakaguna. Mmoja akasema huyu si sista, huyu ni mke wa mtu, na ana watoto, tumekunywa mbege kwake siku ya ubatizo wa mdogo. Sasa sikiliza, Sista. Nilikuwa na jibu la mkato mdomoni. Ningesema nimetumwa na masista, nimevaa gambuti za Sista, nihesabuni kama yeye. Wangekubali, nadhani. Lakini nilipofungua kinywa halikutoka. Nilisema, "Ndiyo, ni mke wa mtu. Na ni mama. Na shule nimekabidhiwa mimi, sina mwingine wa kumtuma. Kipande ni chetu."

Mzee Kileo akatikisa kichwa. Akasema hawezi. Wakaendelea na vipande vyao, nami nikakaa ukingoni mwa kipande chetu, jembe magotini, majani na tope mbele yangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini mimi nilikuwa nimevua na kuoga sijaruhusiwa.

Jua likapanda. Juu walimaliza. Chini walimaliza. Katikati kimebaki kipande kimoja kimeziba, na maji hayawezi kuruka. Banio, lile lango la maji kule juu, halifunguliwi. Wa chini wakaanza kupiga kelele: wao wafanyeje? "Kama hamtaki achimbe, chimbeni ninyi!" Nani achimbe? Sheria ni yao wenyewe. Mzee mmoja wa chini kabisa, mwenye ndama mgonjwa, akaja na hasira zake akasema, "Ng'ombe wangu hawajui nani mke wa nani. Wana kiu." Nilitaka kucheka nikaogopa.

Hapo Mzee Kileo akaja akakaa karibu yangu kwenye nyasi, kwa shida, magoti yakilia. Akavuta ugoro. Kisha akazungumza taratibu, si kwa ajili ya wengine.

"Siku ile tulimwambia Sista kwamba si mama wa mtu. Wewe ulikuwepo, mdogo. Nilirudi nyumbani najisifu. Mke wangu akaninyima chakula. Akaniambia, binti zako wawili wanalala kwenye bweni lake. Alipoumwa mkubwa, nani alikaa naye? Wewe? Halafu unakwenda kumwambia mbele za watu si mama?" Akafuta pua. "Nilitaka kulirudisha lile neno. Kila mwaka akija nasema leo nitamwambia. Naona haya. Yeye ananisalimia, anachimba, anaondoka. Sasa ameondoka moja kwa moja."

Nilimshika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu kama gome.

Akainuka kwa fimbo yake akawaambia wenzake, "Mwacheni achimbe." Yule mmoja akauliza, na miko je? Akamjibu, "Niliizunguka mimi siku ya Sista, kwa maneno mabaya. Leo naiondoa bila maneno. Maji yakikasirika, yanifuate mimi nyumbani."

Nikashuka. Tope lilikuwa baridi, likaingia kwenye gambuti zako na kunisalimia mpaka kwenye vidole. Nilichimba vibaya, nilichimba kama mwalimu. Mgongo bado unauma. Lakini kipande kilikwisha, banio likafunguliwa, na maji yakaja yakiwa na majani na povu, yakapita miguuni pangu yakaenda zake kwa wa chini. Kule juu kwenye uzio wa shule nikasikia kelele. Nilikuwa nimewaambia wasitoke madarasani. Nadhani Shirima aliwafungulia.

Kamati ilikaa tena wiki iliyopita. Wameliondoa lile neno kaimu. Mama Mkuu alinipigia simu, akasema masista wataendelea kuwa nasi kwenye bweni na kwenye sala, ila kiti ni changu. Nikamwambia nakubali, lakini picha yangu ya ukutani nitapiga nikiwa na nywele zangu za kusuka, na nitacheka, maana mama yako alishasema. Akacheka naye. Alisema ungefurahi. Nataka kuamini hivyo, Sista, na kuna siku naamini na kuna siku naogopa. Siku nikiogopa naenda jikoni naonja mtori.

Sasa lililobaki. Nimeliacha makusudi mpaka mwisho, kama unavyoacha nyama ya chini ya bakuli.

Tulipomaliza kuchimba, Mzee Kileo alisema vipande vinaitwa kwa jina la mwenyewe, na huyu mpya lazima awe na jina ili mwakani aitwe. "Tukiite cha Mama Neema?" Wote wakakubali, ndiyo, cha Mama Neema. Mimi nikiwa bado ndani ya maji nikasema, "Hapana, Meku. Kiiteni Kipande cha Mama Anselma."

Mzee Kileo akavua kofia, akajifuta nayo macho bila kujificha. Kisha akaivaa vizuri, akasimama wima kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, akageukia mfongo wote, wa juu na wa chini, akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo:

"Kipande cha Mama Anselma!"

Nikaitika, "Yupo."

Lala salama, mama yangu. Neno lako wamelirudisha. Gambuti nimezifua, zimekaa stoo mahali pake, na mwakani masika yakiisha nitazivaa tena. Kila mwaka watakapokuita, maadamu nina pumzi, hutaitwa bila kuitikiwa.

Mlutheri wako